Uso wa Kuazimwa

Mliniacha nimesimama juu ya kigoda sebuleni kwa bibi yangu Orvokki, mikono juu kama mtu aliyefumaniwa na polisi, fundi akinizungushia utepe kiunoni. Nilikuwa nimeshalitamka lile neno lililonikaa kooni tangu utotoni: nataka kuvaa sketi.

Aliyechelewa kuingia nimsogezee kiti. Mimi ni Veera Hedman, wa hapa Lahti. Baba yangu Taisto ni Kaale, ndivyo tunavyojiita sisi Waroma wa Ufini, ambao wengine hutuita Wajipsi. Nywele zake nyeusi tii, na ngozi ni kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Mama yangu Kirsti ni mweupe. Kwetu asiye Kaale ni mweupe tu, hata jua limchome vipi.

Mimi nilipozaliwa, maziwa yalimiminwa yote, kahawa ikasahauliwa jikoni. Nywele njano kama nyasi kavu, macho ya buluu, na jua la Julai likinipata nabambuka kama kiazi cha kuchemsha.

Na sketi ninayoisema si ya kuning'inizwa dukani. Ni ya mahameli meusi, nzito kama gunia, pana hata mlangoni unapita ubavu ubavu. Mwanamke wetu halazimishwi kuivaa. Ila akishaivaa, ameivaa maisha. Hakuna kusema Jumatatu nimechoka, nipeni suruali.

Basi nilidhani nikilitamka neno hilo watu watalia kwa furaha. Aliyelia ni shangazi Feija, na haikuwa furaha.

"Huyu akivaa sketi, nani atatutafutia nyumba?"

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Uso wangu, wasomaji, haujawahi kuwa wangu peke yangu. Ukoo mzima umeuazima kama ngazi ya jirani. Baba mdogo akitaka nafasi ya kuegesha karavani yake kambini, mimi ndiye wa kutangulia kuuliza. Binamu akitaka kununua gari, mimi naenda kulitazama, yeye anajificha nyuma ya duka la mkate. Kwenye simu natumia jina la mama, Pesonen, maana Hedman watu wa hapa wanalijua.

"Mama," shangazi Feija akamgeukia bibi, "mwanangu Rainer na mkewe wanalala hapa sebuleni kwako. Watoto wao wawili wanalala chini ya meza. Na sasa hivi tena kuna..."

Akajiuma ulimi.

Sote tukaigeukia saa ya ukutani kama vile imetuita. Mbele ya mkubwa, kwetu, mimba haitajwi. Tumbo la Miranda, mke wa Rainer, lilikuwa likiingia chumbani kabla ya Miranda mwenyewe, lakini mbele ya bibi yangu tumbo hilo halikuwepo.

"Miranda apunguze maandazi," bibi akasema, macho kwenye kikombe chake.

"Nitapunguza, bibi," Miranda akajibu, akavuta shali.

"Na wewe Feija, nisikilize. Mimi nilizaa mtoto, naye akazaa mtoto. Sikuzaa dalali wa nyumba."

Maneno hayo yalinikaa vizuri moyoni. Lakini usiku mmoja wa kulala kwa bibi na kuruka miguu ya Rainer nikienda kunywa maji ulinitosha. Asubuhi nikamwambia: "Kaka, sketi bado iko kwa fundi. Mpaka atakapoimaliza, uso upo. Uazime mara ya mwisho."

Hilo ndilo kosa langu la kwanza la wiki hii.

Nyumba aliyoipata Rainer gazetini ilikuwa nzuri hata picha yake ilitia shaka. Ya mbao, rangi ya manjano, karibu na ziwa, na ghorofa ya juu ndiyo inayopangishwa. Miranda alikuwa ameshapiga simu, akaambiwa imechukuliwa. Nami nikapiga na Pesonen yangu. "Njoo kesho," sauti ya kizee ikanijibu, "kahawa iko tayari."

Bi. Lahja Tuomela alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu mwanangu! Vua viatu, ingia, baridi inauma. Hebu nikuone. Nywele hizo! Kama za marehemu dada yangu."

Akanikalisha, akamimina, akasukuma sahani ya maandazi ya iliki. Nikala. Yalikuwa matamu sana, na hilo lilifanya yaliyofuata yawe machungu zaidi.

"Nimepigiwa simu na kila aina ya watu," akasema. "Juzi kapiga mmoja, nikamjua kwa sauti tu. Hawa wa masketi. Nikamwambia imechukuliwa. Nimesema uongo, Mungu anisamehe, lakini si unajua walivyo."

"Walivyoje, mama?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie."

Akafikiri. "Kelele. Halafu ndugu! Leo unampangisha mmoja, kesho wamelala mpaka chini ya meza."

Hapo nikachukua andazi jingine. Kwa hilo la chini ya meza nilikosa pa kushika.

"Umewahi kukaa nao?" nikauliza.

"Mungu apishie mbali!"

Ulimi uliniwasha mpaka mzizi. Nilitaka kumwambia: huyo mwenye sauti ni wifi yangu, na wewe sasa hivi umempa andazi mtoto wa Taisto Hedman. Lakini nikaziona mkononi mwake funguo za ghorofa, zinacheza.

"Mimi nikimtazama mtu usoni nimemaliza," akasema, akaniwekea funguo kiganjani. "Sijawahi kukosea. Wala usiogope upweke, mwanangu. Mimi niko hapa hapa chini yako."

"Chini yangu?"

"Sakafu mbao, dari mbao. Ukipiga chafya nitakuambia pole."

Gazeti halikusema hivyo.

Rainer na Miranda walikuwa wakinisubiri kwenye gari, nyuma ya kona. Nikawaonyesha funguo. Wakashangilia. Nikawaambia nani anakaa chini. Wakaacha.

"Basi hakuna shida," Rainer akasema baada ya kukuna kichwa. "Wewe hamia. Sisi tutakuja kama wageni. Miranda atavua sketi, avae suruali dakika mbili tu za ngazi..."

Hata kile kipasha moto kilionekana kushika pumzi.

"Rudia," Miranda akamwambia mumewe.

Rainer hakurudia. Ana watoto wawili, anapenda kuwaona wakikua.

Tukahamisha vitu Jumatatu. Miranda alibaki kwa bibi. Mimi nikatangulia na taa ya mezani, Rainer nyuma yangu amebeba kochi mgongoni peke yake. Tulikuwa katikati ya ngazi mlango wa chini ulipofunguka.

"Veera, mwanangu! Na huyu kijana ni wa wapi?"

Rainer akaganda. Uso wake uko wazi kabisa, jicho la makaa, ngozi ya baba yangu. Mimi nikafungua kinywa nikijua ukweli ndio utakaotoka, na kilichotoka ni:

"Mhispania."

Niliisikia pumzi ya Rainer chini ya kochi.

"Mhispania!" Bi. Lahja akapiga makofi. "Nilijua! Nimekwenda kule likizo mara mbili. Watu wachangamfu! Na hiyo rangi, tazama, kama aliyebarikiwa na jua lenyewe. Sisi huku tumepauka kama unga. Jina lako nani, baba?"

Rainer amezaliwa Lahti. Kifini chake kinashinda cha mtangazaji wa redio. Akalitua kochi taratibu, akainama, akaubusu mkono wa bikizee.

"Ramiro," akasema. "Mimi... furaha... nyumba... zuri."

Ngozi ile ile, wasomaji. Sketi ingekuwa nyuma yake, angekuwa mwizi. Sketi haipo, amebarikiwa na jua.

Siku zile zilizofuata nisingewatakia adui zangu. Mwenye shida ya nyumba ni Miranda, na nyumba ikawa ya kila mtu isipokuwa yeye. Bi. Lahja alikuwa akisikia hatua za Rainer tu, anafungua mlango: "Ramiro! Kahawa!" Rainer akamzolea theluji uani. Akamtundikia mapazia. Bikizee naye akamfundisha Kifini.

"Hii ni the-lu-ji," akamwonyesha dirishani.

"Te-lu-ji," Rainer akasema, uso mkavu kabisa.

"Ana akili!" Bi. Lahja akaninong'oneza. Kisha akanivuta pembeni, akanishika kidevu. "Mwanangu, nimeona mambo mengi. Kijana mpole, mwenye nguvu, hanywi. Ukimwachia mwingine nitakuita mjinga."

"Bi. Lahja, huyu ni kama kaka yangu."

"Wote huanza hivyo."

Nilipomsimulia Miranda jioni ile, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha hakucheka tena. "Wifi," akasema, "huko Hispania wanarudi lini?"

Jumamosi fundi alileta sketi. Bibi akaitundika ukutani, ikajaza ukuta. Kesho yake, baada ya ibada, ndiyo ilikuwa nivae mbele ya watu wote.

Shangazi Feija akanifuata jikoni. "Binti wa kaka yangu, mwezi mmoja tu. Subiri Rainer atulie. Sketi haiozi."

Nikamwambia nitafikiri. Na kweli nilifikiri, ndiyo maana Jumapili baada ya ibada sikwenda kwa bibi. Nilikwenda kwa Bi. Lahja, tulikuwa tumealikwa mimi na Rainer, na maandazi yalikuwa ya moto. Nilijiambia, ngoja nile kwanza.

Tulikaa watatu dirishani. Nje baridi ya Februari ilikuwa kali mpaka barafu ya ziwani inalia ikipasuka. Bi. Lahja alikuwa akisimulia habari za marehemu mumewe, sauti ikakatika.

"Yesu wangu. Hao hapo."

Gari la Rainer lilikuwa limesimama mbele ya geti. Miranda alikuwa amechoka kungoja, akaja mwenyewe. Alishuka, mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine ameshika chungu kilichofungwa kitambaa. Alimletea mumewe supu.

"Amejuaje hapa?" Bi. Lahja akasema. "Ndiye yule wa simu, naapa. Na tazama alivyo, maskini, yuko karibu kujifungua, na baridi hii..." Akasimama nusu. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye shali, kama anayetaka kutoka. Kisha akakaa. "La. Ukimkaribisha mmoja, umewakaribisha wote. Ramiro, hebu nenda kamwambie hapa hakuna nafasi. Wewe mwanamume."

Kikombe cha Rainer kiligonga sahani. Akanitazama. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, na hakuwa Ramiro aliyekuwa anakuja.

Nami, wasomaji, nikampiga teke chini ya meza.

Nilifikiria zile funguo. Nilifikiria watoto chini ya meza ya bibi. Nilikuwa na sababu nzuri, nyingi, na zote zilikuwa zimejaa mdomoni pamoja na andazi.

Miranda akainua uso. Akatuona watatu nyuma ya kioo. Akamtazama mumewe kidogo, akanitazama mimi zaidi. Kisha akakiweka chungu juu ya theluji, mlangoni, kwa uangalifu kama anayemlaza mtoto, akapanda gari akaondoka.

"Afadhali," Bi. Lahja akasema. Lakini hakuligusa tena andazi lake.

Rainer alinyanyuka bila kuaga, bila Kihispania, akatoka akakimbia nyuma ya gari. Mimi nikavaa viatu vyangu, mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto.

Kwa bibi, watu walikuwa wamejaa na kahawa imepoa. Rainer alikuwa amesimama kwenye korido kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Miranda alikuwa amekaa kwenye kochi, hajavua shali.

"Wifi, nisamehe," nikasema.

"Sina hasira na wewe." Na kweli hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Ila nikwambie nilichokiona. Siku zote watu wakikusema kwamba wewe ni mweupe, mimi ndiye nakutetea. Leo uliponitazama kwenye kile kioo, ulikuwa mweupe."

Nikaitazama sketi pale ukutani.

Nikamgeukia bibi yangu. "Nivalishe."

"Veera!" shangazi Feija akaruka. "Nyumba itapotea!"

"Shangazi, nyumba asiyoweza kuingia Miranda imeshapotea."

Bibi Orvokki aliinuka kwa shida, akaishusha sketi ukutani. Hakunipa. Akaishika mikononi kama anayeipima uzito.

"Ukiivaa hii, wale walinzi wa madukani watakufuata nyuma mpaka kwenye rafu ya maziwa. Nywele zako hazitakuokoa."

"Najua, bibi."

"Na watu wetu nao watacheka. Watasema tazama mweupe amejifunga pazia."

"Najua."

"Na ukiniambia Jumatatu nimechoka, nitakupiga."

"Najua, bibi."

"Basi inua mikono."

Uzito ulinishika kiunoni kama mkono wa mtu. Nikapiga hatua ya kwanza, nikaangusha chungu cha maua. Ya pili, mtoto wa Rainer akapotea chini ya pindo akatokea upande wa pili akicheka. Watu wakaanza kucheka, Miranda naye, akaziba mdomo. Shangazi Feija alikuwa analia tena, na hata mwenyewe nadhani hakujua safari hii analilia nini.

"Pumzi usiivute kifuani," Miranda akanielekeza, "ivute tumboni. Tembea kama una haki ya kupita."

"Twende basi," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwetu. Ghorofa ya juu."

Sketi mbili hazienei kwenye gari moja dogo. Rainer aliendesha akiwa amezikwa na mahameli, kaacha macho tu. Nilikuwa nimepanga hotuba nzuri, ndefu, yenye Mungu mwanzoni na mwishoni.

Nikagonga. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa. Uso wa Bi. Lahja ukatokea kwenye ufa, ukaniona, ukatabasamu. Kisha macho yakashuka. Yakashuka mpaka chini, yakachukua muda kurudi.

"Mwanangu, kuna mchezo wa kuigiza?"

"Hapana, mama. Ni nguo yangu."

"Yako?"

Hotuba yote ikanikimbia. "Baba yangu ni Kaale. Jina langu ni Hedman. Huyu ni wifi yangu Miranda, ndiye uliyemwambia nyumba imechukuliwa. Na huyu hajawahi kufika Hispania."

Rainer akavua kofia. "Rainer, mama. Nimezaliwa hospitali ya hapo kilimani. Nisamehe."

"Kifini chako!" Bi. Lahja akasema, na sijawahi kusikia mtu akiumia hivyo kwa sababu ya lugha. "Nimekufundisha theluji!"

"Ulifundisha vizuri sana, mama."

Yule mama akatutazama mmoja mmoja kupitia ufa ule, akarudi kwangu. "Nilisema mimi nikimtazama mtu usoni sikosei."

"Uso ni huu huu," nikasema. "Haujabadilika."

Nilitaka kuongeza kitu kizuri. Nilikuwa nakitafuta. Miranda akanisogeza kwa kiwiko.

"Mama," akasema kwa adabu, akiinamisha kichwa, "mimi nina neno moja, halafu utufukuze. Sisi kwetu mdogo hakai juu ya mkubwa. Mwanamke wa umri wangu kutembea juu ya kichwa chako, na sketi hii, ni kukuvunjia heshima. Nisingelala. Kwa hiyo hata ukitukubali, ghorofa ile hatuwezi kuichukua."

Rainer alifumba macho. Na mimi? Nimelala juu ya kichwa cha bikizee yule wiki nzima, sikuwahi hata kulifikiria. Sketi nimevaa, na bado nilikuwa na mambo ya kujifunza.

"Sasa?" Bi. Lahja akauliza. "Mmekuja kukataa nyumba yangu?"

"Hapana, mama," Miranda akasema. "Tumekuja kukuomba wewe uhamie juu. Kuna mwanga zaidi, na unaliona ziwa. Sisi tukae chini. Rainer atakubebea kochi."

Kwenye paa theluji iliteleza ikaanguka puu.

Bi. Lahja akatazama dari. Akatazama tumbo la Miranda, lile ambalo mbele ya wakubwa halipo. Akatazama nywele zangu. Midomo yake ilikuwa inacheza, ama kwa hasira ama kwa kitu kingine ambacho sikujua jina lake.

Kisha akatufungia mlango.

Mlango wenye mnyororo, wasomaji wangu, huwezi kuufungua kabla hujaufunga. Na anayetaka ubaki umefungwa naye huanza kwa kuufunga vivyo hivyo.

"Umesikia kitu?" Rainer akaninong'oneza.

Nikaegemeza sikio kwenye ubao. Ndani, mkono ulikuwa umegusa chuma.